Mayai Kumi na Moja ya Kalengera

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa tisa

Saa kumi na mbili asubuhi nimegeuza mayai. Sinia nne za kuku. Saa sita tena. Jioni tena. Miaka ishirini mukono huu unageuza mayai, hauniulizi kitu. Hapa Katindo hata wenye hawajui jina langu la ubatizo wananijua Mama Vifaranga.

Enjenyere Faustin amekuja na kofia yake yenye mifuko. Mifuko ku kofia! Yeye ndiye mukubwa wa proje, mradi wa kuokoa kobe ya maji, ile kobe nyeusi ya mu matope kule Rutshuru. Inaisha, anasema. Watu wanakausha mabwawa, wanalima, wanachimba udongo wa matofali, na mayai yake wanakula. Sasa anataka mayai yatotolewe hapa Goma, mu kuvezi yangu ya kutotolea vifaranga, kwa sababu mimi niko na sanduku ya umeme inayofanya kazi na yeye ana kofia tu.

Alizungumza nusu saa. Urithi wa taifa, vizazi vijavyo. Nilikuwa nahesabu inzi ku dirisha. Mwishoni nikamwambia sawa, lete. Yai ni yai.

Jumatano, tarehe 3 mwezi wa tisa

Yamefika. Kumi na moja. Marefu kidogo, ganda laini, ukibonyeza linaingia. Mayai gani hayo. Kuku akitaga hivyo unamupeleka ku chungu siku ileile.

Ameyaleta mwanamuke mumoja wa kijiji cha Kalengera, kule Rutshuru, Mama Furaha. Ametoka kule juu ya moto, pikipiki ya kukodi, beseni la muchanga wa maji juu ya mapaja, barabara nzima na mashimo yake yote. Motari alisema kila shimo alikuwa anasimamishwa. Kandambili za rangi mbili, moja buluu, moja nyekundu. Ameingia, hajakaa, ameanza kunifundisha.

"Mama, usiyageuze. Hiyo alama niliyochora na makala ya jikoni ndiyo juu yake. Yakigeuka, mutoto anazama."

Kweli kila yai lilikuwa na nukta nyeusi. Aka! Mimi nafundishwa mayai na mutu wa kandambili mbili tofauti. Nilimupa ile tabasamu yangu ya wateja, na chai.

Akinywa chai alinielezea maisha yake yote bila kuulizwa. Shamba lake liko pembeni ya maji. Kobe jike imebaki moja tu inayopanda kutaga pale, ile ingine walikula. Misimu miwili hajalima kipande kile ili kobe ipate nafasi. Lakini shamba si lake, ni la baba-mukwe wake, Muzee Bartolomayo, na watu wa matofali kutoka Kiwanja wanamufuata muzee kila wiki. Muzee amesema hivi: kama watoto wa kobe wataonekana, shamba linabaki. Kama hawaonekani, anaita watu wa matofali, na yeye Mama Furaha alime ku mawe. Mayai alitaka kuyaacha mu udongo. Enjenyere ndiye alikataa, anataka yaonekane Goma.

Alipoenda nikafuta zile alama na kitambaa cha maji ya moto. Zote. Kuvezi yangu haipokei uchafu. Muchanga nikautupa uani. Nimeyapanga ku sinia safi, moja moja, na saa kumi na mbili nikageuza.

Jumamosi, tarehe 6 mwezi wa tisa

Wageni sita wa Enjenyere. Wamevaa bote mpya za mvua kuingia mu chumba kikavu chenye sakafu ya sima. Mumoja aliuliza kama mayai yanasikia uchungu. Nilimwambia hayajalalamika.

Enjenyere amepiga picha mbele ya kuvezi, mukono juu ya kioo, uso wa huruma kama baba wa ndoa. Alama za vidole vyake bado ziko pale. Nimepangusa mara mbili.

Dossier yake ya kobe alinionyesha kwa mbali, karatasi nyingi za Kifaransa. Akairudisha mu mfuko pamoja na sambusa.

Nimegeuza saa kumi na mbili, saa sita, saa kumi na mbili.

Alhamisi, tarehe 18 mwezi wa tisa

Leo nimetazama mayai na tochi, yale ya kobe. Unaweka mwanga nyuma ya yai, ndani unaona kama kuna uhai. Manne yalikuwa na wekundu kidogo. Nyuzi ndogo ndogo.

Nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna mutu atasoma. Nilifurahi mupaka nikaimba peke yangu mu chumba cha mayai, mwanamuke wa miaka hamsini na tatu, juu ya wanyama wasiojua hata kulia.

Yale saba mengine, giza. Ni mapema. Yatakuja.

Jumapili, tarehe 28 mwezi wa tisa

Umeme umekatika katikati ya misa ya pili. Padri alikuwa ku mahubiri, maikro ikafa, na mimi nikainuka. Watu waligeuka kunitazama. Watazame. Nilikimbia na viatu vya kanisa juu ya mawe ya volkano, kisigino kimoja kimebaki pale.

Nimewasha mbabula mbili za makala mu koridoo, mulango wazi ili moshi utoke. Maji ya moto mu bidoni nne za plastiki, kila bidoni imefungwa kitenge, nimezipanga ndani ya kuvezi. Zikipoa nabadilisha. Toka saa nne mupaka saa kumi na moja jioni. Vyumba vyote vya jirani vimekuja kuchungulia. Mama Solange wa pembeni aliuliza kama kobe zangu zinaiva na ndizi ama na majani ya sombe. Wacheke. Jirani yule hawezi hata kuchemusha maharagi bila kuunguza.

Termometre haikushuka hata mara moja chini ya mustari wangu. Na kugeuza sikuacha. Mukono mumoja bidoni, mukono mumoja mayai.

Goma nzima, nani mwingine angefanya hii? Enjenyere alituma ujumbe: courage, jipe moyo. Courage! Aje alete makala.

Jumatatu, tarehe 13 mwezi wa kumi

Tochi tena. Wekundu siuoni. Hata ku yale manne. Ganda limekuwa zito, ndiyo maana. Mwanga haupiti. Ama tochi yenyewe imechoka, nilinunua ku barabara, vitu vya barabara vinajulikana.

Mama Furaha amepiga simu. Anapiga kila Jumatatu, simu inakata, anapiga tena. Anasalimia kila mutu wa nyumba, anauliza kuku wangu, mvua ya Goma, halafu kwa sauti ya chini: "Wanalala vizuri?" Nikasema vizuri sana. Sikumwambia kama ninageuza. Kwa nini nimwambie? Daktari anaeleza mugonjwa kila sindano?

Alisema muzee amefunga mbuzi mu kipande kile. Alisema watu wa matofali wamekuja na kamba ya kupima. Sauti yake haikulalamika, na hiyo ndiyo ilinikasirisha. Mutu alalamike kama watu.

Ijumaa, tarehe 31 mwezi wa kumi

Siku zimefika, kwa hesabu ya Enjenyere. Amekomanda gato, keki yenye umbo la kobe. Ameshona mashati kumi na mawili yenye kobe ku kifua, inacheka. Hajawahi kuona kobe ikicheka, hajawahi kuona kobe, nafikiri. Amealika watu Jumanne ya juma lijalo, na ametengeneza hotuba. Alinisomea. Jina langu limo, limeandikwa vibaya.

Mayai yamenyamaza.

Nimesogeza sikio ku kila moja. Kifaranga wa kuku, siku mbili kabla, unamusikia ndani anakwaruza. Hapa kimya. Pengine kobe ni mutu wa kimya. Mimi najua nini juu ya kobe?

Hii sentensi ya mwisho sikuipenda. Lakini nimeandika na biki, haifutiki.

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja

Wageni wamekuja, wamekula gato, wameondoka. Enjenyere aliwaambia maumbile yana wakati wake. Hotuba hakusoma. Mashati aligawa.

Nilisimama pembeni ya kuvezi yangu na shati ya kobe juu ya kitenge, nikatabasamu. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumanne, tarehe 11 mwezi wa kumi na moja

Harufu.

Pua yangu inajua. Ilijua toka Jumamosi, mimi ndiye nilikataa. Leo nimechukua yai moja, nimelipasua ku sahani karibu na dirisha. Maji mabaya. Ndani, kitu kidogo kama haragi, cheusi. Kina jicho. Kimekufa zamani sana, wiki na wiki. Kimekauka na kushikamana ku ganda, upande mumoja, kama kilining'inia pale na uzito wa kiini ukakifunika.

Nimepasua la pili. Vilevile. La tatu. Manne yalikuwa na haragi ndani. Saba hayakuwa na kitu, ama kilikuwa kidogo mupaka kikaoza.

Mutoto anazama. Alisema hivyo. Alisimama mu chumba hiki na akasema kwa mudomo wake.

Yai la kuku usipoligeuza, mutoto anashikamana na ganda, anakufa. Hii najua. Kumbe ya kobe ni kinyume. Inashikamana juu, siku za kwanza kabisa, na pale inabaki, na ukiigeuza umeizamisha. Nimegeuza mara tatu kwa siku. Sikusahau hata siku moja. Hata siku ya mbabula. Mutu muvivu angeokoa labda mawili.

Nimeua zote. Mimi. Na bidii yangu yote.

Jumatano, tarehe 12 mwezi wa kumi na moja

Enjenyere amekuja. Nilimwambia mayai yamekufa. Alikaa chini, akavua kofia. Ana upara, sikujua.

Nikamuuliza dossier. Akaitoa mu mfuko, ina mafuta ya sambusa. Ukurasa wa tatu, kwa Kifaransa, herufi nene: baada ya kuokotwa yai lisigeuzwe, juu yake pawekwe alama. Ukurasa wa tatu! Alisema alifikiri nimesoma. Nilimuuliza nimesoma wapi, ndani ya mfuko wake? Nilimutukana. Kinande, Kiswahili, na Kifaransa kile ninacho. Aliinamisha kichwa. Nilijisikia vizuri kwa dakika tano.

Halafu akasema rapore, ile ripoti ya kufunga, tayari anaiona. Umeme ulikatika siku nyingi, kila mutu anajua umeme wa Goma, hakuna wa kulaumiwa. Mimi natia sahihi kama fundi, yeye kama mukubwa. Proje itahamia wanyama wengine, ndege wa ziwa labda. Kobe, anasema, tumejaribu.

Umeme! Ule umeme mimi niliushinda na mbabula mbili na bidoni nne. Kitu kimoja nilifanya vizuri, ndicho wataandika kimeshindikana.

Nimetia sahihi.

Jumapili, tarehe 16 mwezi wa kumi na moja

Misa sikusikia. Ugali sikumaliza.

Mama Furaha alipiga saa nane. Hakuuliza habari ya kuku. Alisema Enjenyere ametuma karatasi, mutoto wa shule amemusomea muzee. Muzee akacheka. Akasema kama hata umeme wa Goma na mashini na wataalamu wameshindwa, basi kobe ile ni mufu anayetembea, na shamba halilindwi kwa ajili ya mufu. Watu wa matofali wanaanza Jumatano.

Aliniambia pia: "Asante mama kwa mbabula. Motari alisikia kwa majirani wako vile ulihangaika."

Ananishukuru. Nilikata simu; akiuliza, nitasema ni mutandao.

Nimewaza muchana wote, na ni rahisi tu, ndiyo inanikera. Kama umeme ndio uliua, muzee ana haki, kobe haiwezekani. Kama ni mimi niliua, mayai yalikuwa mazima, kobe ni nzima, na wakiyaacha mu udongo yatazaa. Ukweli unaokoa shamba lile, na ukweli ni kwamba Mama Vifaranga hakujua mayai.

Sitaki kwenda. Naandika wazi: sitaki. Afazali wachimbe.

Jumatano, tarehe 19 mwezi wa kumi na moja

Nimeenda.

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa juu ya moto. Mvua imetupiga mupaka Rumangabo, motari alitaka tujikinge, nikakataa. Nimefika Kalengera matope mupaka ku magoti. Kandambili za Mama Furaha zilikuwa safi kuliko viatu vyangu.

Shamba ni dogo. Nilifikiri kitu kikubwa. Kipande cha majani, mbuzi tatu, halafu mafunjo na maji meusi. Watu wa matofali wawili walikuwa tayari na majembe, wamekata mustari wa kwanza. Muzee Bartolomayo amekaa ku kiti cha plastiki mu mvua ndogo, mwavuli juu. Mwembamba, macho makali. Mutu wa dharau, nilimutambua mara moja. Tunajuana sisi.

Nilisema nimesimama. Si umeme. Umeme haukuua hata yai moja. Mayai yalifika mazima, muke wa mutoto wako aliyaleta vizuri, aliyawekea alama, aliniambia nisiyageuze. Nikafuta alama. Nikageuza mara tatu kwa siku, kwa sababu nilimuona mutu wa kijijini na nikasema hajui kitu. Kobe yenu haina shida. Shida ni mimi. Ile karatasi ni uongo, na sahihi ni yangu.

Wale wa matofali walisimamisha majembe. Mama Furaha alikuwa nyuma yangu, sikugeuka kumutazama. Sikuweza.

Muzee aliuliza: "Miaka ngapi uko mu mayai?"

Nikasema ishirini.

Akacheka. Akacheka mupaka mwavuli ukatikisika. Akaita mutu wa nyumba ya pili aje asikie. Nikarudia. Akaita mwingine. Nikarudia mara ya tatu, mvua inaingia mu shingo, na kila mara walipiga makofi ku mapaja. "Ishirini! Mama ya mujini!" Alinitazama vile mimi nimetazama watu maisha yangu yote, toka viatu mupaka kichwani, bila haraka. Inauma. Sikujua kama inauma hivyo.

Halafu akafuta machozi ya kucheka, akawaambia wa matofali warudi mvua ikiisha, mwezi wa kwanza huko. Kama kobe itataga tena, ataona. Lakini mutu wa Goma asiguse kitu. Enjenyere asikanyage. Na mimi, alisema, hata kuku wake nisiwaangalie kwa karibu.

Mama Furaha alinisindikiza mupaka ku barabara. Hakusema amenisamehe. Alisema: "Ulifuta hata alama?" Nikasema ndiyo. Akasimamisha moto. Alimupa motari maelekezo ya mashimo, mimi hakuniaga.

Ana haki.

Ijumaa, tarehe 21 mwezi wa kumi na moja

Nimemwandikia Enjenyere: sahihi yangu aitoe. Hajajibu. Nimesikia ameagiza darubini za ndege. Ndege wawe na bahati.

Kuku wametotoa vizuri, sinia zote. Sikuona furaha yoyote.

Jumapili, tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili

Jana Mama Furaha alipiga saa moja asubuhi. Maneno matatu: imepanda, imetaga, njoo. Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikamuuliza kama muzee amekubali nije. Akasema muzee ndiye anataka, anataka kuwaonyesha watu yule mama.

Nilienda. Nilivumilia kuonyeshwa. Dakika kumi na tano hivi.

Halafu tulishuka wawili mupaka pembeni ya maji. Hakuna kitu cha kuona. Udongo kidogo umeshindiliwa, majani yamelala, ukubwa wa sahani. Ningepita juu yake nisijue. Mama Furaha ameshazungushia miiba, mbuzi amefunga mbali. Tulikaa juu ya gunia. Mafunjo yalikuwa yanasikika, na maji, na watu wa soko wanaenda Kiwanja ku barabara kule juu.

Jua lilikuwa linapiga pale penye mayai. Nikawaza kivuli, nikawaza maji kidogo, nikawaza termometre. Nikamuuliza nifanye nini.

Akasema: "Usifanye kitu."

Nikafanya hivyo mupaka saa saba.